Litri ya Saa Kumi na Mbili

Jumanne ile baridi ilikuwa imeushika mtaa wa Ruashi tangu usiku. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa sita. Mzee Alimasi alirudi kutoka sala ya alfajiri, akanywa chai amesimama, akakifunga kipimo chake cha shaba ndani ya kitambaa cheupe. Alimwambia binti yake Ramla kwamba anakwenda depo ya Émile kupima mafuta ya mawese kwa ajili ya wanawake wa soko, na kwamba asimwekee chakula mapema. Akatoka saa kumi na mbili kasorobo.

Ramla aliweka chakula saa nane. Saa kumi na moja jioni alikipasha moto tena. Magharibi ilipoingia alikifunika kwa sahani, na sahani ile ilibaki mezani mpaka Alhamisi, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyetaka kuwa wa kwanza kuiondoa.

Siku tisa baadaye jambo hilo lilikuwa ndani ya faili la rangi ya waridi, juu ya meza ya Inspekta Ngosa. Mwenzake aliyekuwa nalo alikuwa amehamishwa. Faili lilikuwa jepesi, na lilikuwa na uhakika mwingi. Lilisema kwamba Alimasi, fundi wa bati, umri wa miaka sitini na minane, alifika depo saa kumi na mbili, akapima bidoni kumi, yaani madumu ya litri ishirini, akakuta zote zimetimia, akatia saini, akaondoka kwa miguu saa moja. Lilisema pia kwamba Émile, mwenye depo, alimwona Moussa akipita na baiskeli nyuma ya mzee. Moussa ni mtoto wa dada ya Alimasi. Wiki mbili kabla ya siku ile alikuwa amezunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu akiuliza bei ya shaba. Kwa hiyo Moussa alikuwa kashoni, mahabusu ya polisi, na Ijumaa saa sita mchana angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kutoka pale gerezani.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Ngosa alisoma faili mara mbili, kisha akaomba Moussa aletwe. Alikuwa mchomeleaji wa miaka thelathini na miwili, na viatu vyake havikuwa na kamba, kama ilivyo kwa kila mtu anayetoka kule ndani. Alikaa bila kuambiwa.

"Uliuliza bei ya shaba?"

"Niliuliza, mama. Kuuliza haina kuuza."

"Mujomba yako alijua?"

"Alijua, njo akanifukuza. Alisema ile kipimo haina yangu, haina hata yake. Ni ya soko."

"Ile mardi, six heures, ulikuwa wapi?" Yaani Jumanne, saa kumi na mbili.

"Nililala."

"Na nani?"

"Na baridi."

Ngosa hakucheka, lakini aliandika jibu kama lilivyosemwa. Moussa akaeleza mengine kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyaeleza. Saa mbili na nusu alikuwa ofisi ya komini, serikali ya mtaa, kwa ajili ya karatasi ya baiskeli. Alisaini daftari la wageni, akangoja kwenye benchi, akatoka saa sita mchana na muhuri. Mwenzake Ngosa alikuwa ameyaandika hayo na kuyapigia mstari, kwamba hayana faida: kama mzee aliondoka depo saa moja, Moussa alikuwa na saa moja na nusu nzima ya kufanya alichofanya.

Jambo moja halikukaa vizuri. Wanunuzi wa vyuma wote watano walikuwa wamehojiwa, na hakuna aliyeletewa kipimo. Ngosa alimwuliza Moussa kwa nini mwizi angechukua kitu asichoweza kuuza.

"Nani atakiuza pa Ruashi?" alisema Moussa. "Kila mama wa soko anakijua. Anakijua sawa uso ya mutoto yake."

Ngosa alipopita komini, daftari lilithibitisha maneno ya Moussa. Saa mbili na dakika thelathini na tano, saini. Karani alimkumbuka kwa sababu alikuwa ameimba kwenye benchi mpaka akaombwa anyamaze.

Nyumba ya Alimasi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na karakana yake mbele, upande wa barabara. Ramla alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilisimama kati ya mabati ya baba yake. Alimpa Ngosa kiti, akamwita dada, na kabla ya kuulizwa lolote alisema alichokuwa nacho.

"Kama alikufa, tunapashwa kumuzika. Kama eko muzima, tutamungoja. Lakini hii ya katikati, dada, sijue namna ya kuisali."

Ngosa alisema ameelewa. Kisha akaomba kuonyeshwa kazi ya mzee.

Kazi yenyewe ilikuwa vipimo. Vikombe vya bati vya litri moja, nusu litri, robo, vyenye mkono uliokunjwa vizuri na ukingo usiokata. Wanawake wote waliouza mafuta, petroli ya taa na maziwa kutoka Ruashi hadi barabara ya Lukafu walinunua kwake. Kila kipimo, kabla hakijatoka, kilijazwa maji kutoka kile cha shaba, ambacho wao walikiita mama. Mama alikuwa na alama ndogo za mihuri ukingoni, muhuri mmoja kwa kila mwaka ambao Wabelgiji walikuja kukikagua. Baba yake Alimasi, aliyefika mjini kutoka Kasongo na nyundo na mkasi wa bati, alikipata kwa karani mmoja mwaka ofisi ya vipimo ilipofungwa. Tangu hapo, watu wakigombana sokoni juu ya litri, hawakwenda polisi. Walikwenda kwa Alimasi.

Ramla alitoa madaftari yake kwenye sanduku. Yalikuwa kumi na moja, la mwaka huu likiwa limekwenda naye mfukoni. Kwenye ukurasa wa kwanza wa lile la zamani kabisa mzee alikuwa amechora kisanduku, akaandika kila upande: sentimita kumi. Chini yake, kwa herufi za mtu aliyefundishwa kuandika polepole, alieleza litri ni nini, na Ngosa alisoma yote kwa sababu hakuwahi kujiuliza.

Zamani, aliandika, nchini Ufaransa kila mkubwa wa mahali alikuwa na kipimo chake, na maskini alipimiwa kwa kidogo na kutozwa kwa kikubwa. Watu walipomwondoa mfalme wao, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, walitaka kipimo kimoja kisicho cha mtu. Wakatengeneza kisanduku hiki. Jina walilitoa kwenye kipimo cha zamani cha nafaka na chumvi kilichoitwa litron, na neno hilo lilitoka mbali zaidi, kwa Wagiriki, na kwao lilikuwa jina la uzito. Kisha wakakijaza maji ya baridi, baridi ya karibu na barafu, wakasema: maji haya ndiyo kilo. Ndiyo maana watu wanafikiri litri ni uzito. Litri si uzito. Litri ni nafasi. Kinachoingia ndani ya nafasi kinavimba kwa joto na kusinyaa kwa baridi, lakini nafasi inabaki ileile.

Mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa wino mara mbili. *Usipime mafuta yaliyolala, yana hewa ndani. Usipime mafuta ya moto. Moto una mwenyewe. Jua halina mwenyewe.*

Ngosa aliuliza maana yake, ingawa mama yake mwenyewe aliuza mawese miaka ishirini na alianza kuiona. Ramla akaeleza. Katika miezi ya baridi mawese huganda ndani ya bidoni usiku kucha, na asubuhi ni kama siagi. Mfanyabiashara mjanja huyapasha kwenye mbabula, jiko la makaa, mpaka yakatokota, yakavimba, akakupimia bidoni iliyojaa. Ukifika nyumbani yamesinyaa, na chupa nzima ya bia imepotea. Kwa hiyo baba yake aliziweka bidoni juani, akakaa pembeni mpaka zifunguke zenyewe.

"Sasa alitoka six heures ya nini?"

"Ju ya kuona bidoni zikitoka mu depo na macho yake. Anaziandika na chaki, anakaa karibu. Ukichelewa, banakubadilishia."

Ngosa alifungua madaftari na kutafuta miezi ya sita na ya saba, mwaka hadi mwaka. Kila upimaji ulianza vilevile: saa, hali ya mbingu, hali ya mafuta. *Saa tano. Jua. Yanatiririka. Saa nne na nusu. Jua. Yanatiririka.* Mara moja tu: *Mawingu. Hatukupima.* Katika miaka kumi na moja hapakuwa na upimaji hata mmoja wa mwezi wa sita kabla ya saa nne asubuhi.

Alitoa kwenye faili karatasi ya Émile. Mistari kumi, kila mmoja umeandikwa 20 L, na saini chini. Ramla aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza pande zote mbili.

"Haina saa," alisema. Akaongeza, "Hii haina Papa," akimaanisha si yeye aliyeiandika.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo, Ngosa alikuwa mbele ya lango la depo pamoja na polisi mmoja. Pumzi zao zilionekana hewani. Mkononi alikuwa na kipimo cha bati cha litri moja alichoazimwa na Ramla.

Émile alifungua mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye koti nene na adabu nyingi. Alimwita mama inspecteur na kutaka kuagiza kahawa. Ngosa alisema hatakawia. Anataka tu kuona namna mzee alivyopima, kwa sababu mwendesha mashtaka atamwuliza. Bidoni moja ingetosha.

Uwanja wa depo ulikuwa wa sementi ya zamani, wekundu wa mawese umeingia ndani yake kwa miaka mingi, kiasi kwamba hata mvua haikuuondoa tena. Émile alileta bidoni ya litri ishirini, ya manjano, akaiweka miguuni pake. Ngosa aliigeuza kwanza. Kitako chake kilikuwa kimesukumwa ndani kama shavu la mtu asiye na meno, na nafasi yake ilikuwa imepungua.

"Ni safari," alisema Émile. "Njia ni mbaya."

Akafungua kifuniko, akainamisha bidoni juu ya kipimo. Hakuna kilichotoka. Akaitikisa. Ndani kulisikika kishindo kizito, kama cha udongo. Ngosa aliingiza kidole. Kidole kilizama nusu na kusimama.

"Imelala," alisema.

Émile alicheka kidogo. Akasema ndiyo, amesahau kueleza, siku ile walipasha moto. Na mbabula. Ngosa aliuliza kama ilikuwa mbabula moja. Ilikuwa moja. Aliuliza kama mzee alikubali. Alikubali, kwa sababu alikuwa na haraka.

"Haraka ya kuenda wapi?"

Émile alisema hakumwuliza. Ngosa akaomba mbabula iwashwe. Makaa yaliposhika moto aliweka bidoni karibu, kwa umbali ambao plastiki isingeyeyuka, akatazama saa yake. Ilichukua dakika arobaini na tano kabla mafuta hayajaanza kutoka, na yalitoka mazito, kwa vipande. Alijaza kipimo, akakimwaga kwenye ndoo, akakijaza tena. Kila litri ilichukua zaidi ya nusu dakika.

"Bidoni kumi ni litri mia mbili," alisema. "Alipima moja moja, na kikombe ya litri moja. Mara mia mbili. Na unasema alianza six heures, akatoka sept heures, saa moja ya asubuhi."

"Pengine haikukuwa sept heures sawasawa."

"Ilikuwa saa ngapi?"

Émile alisema hakuvaa saa siku ile. Ngosa aliandika. Kisha akaomba kutembea uwanjani kidogo apashe miguu, na akatembea. Nyuma ya stoo, mahali palipokuwa na shimo la choo cha zamani, alikuta sakafu ya sementi ya kijivu, mita mbili kwa moja na nusu. Katika uwanja wote ndiyo peke yake isiyokuwa na doa jekundu.

Alimwacha yule polisi langoni, akavuka barabara.

Upande wa pili, mwanamke mmoja aitwaye Mimi alikuwa akigeuza vitumbua kwenye kikaango. Alikuwa mama mnene, mwenye kitenge juu ya sweta mbili, na alijulikana kwa ulimi wake. Alimtazama Ngosa akija, akasema kwamba leo serikali imeamka mapema, bila shaka njaa imezidi. Ngosa alinunua vitumbua vinne na kukaa kwenye kigoda.

"Ile mardi ya Papa Alimasi, ulimuona?"

"Nilimuona. Nilimupelekea chai mara mbili."

"Saa ngapi?"

"Ya kwanza, jua ilikuwa inatoka. Ya pili, batoto ba masomo balishaingia zamani. Neuf heures, neuf heures et demie, saa tatu na nusu hivi. Alikuwa amekaa na mabidoni yake mu jua. Nikamuchokoza, nikasema, Papa, unalinda mafuta sawa mukuku na mayai. Akasema, Mimi, mayai haiibe."

Mukuku ni kuku. Mimi alianza kutabasamu, akaacha.

"Na kisha?"

"Kisha aliamuka, akaanza kupima. Patron akakuya, bakasemezana, bakaingia nyuma. Papa alikuwa na kikombe yangu mu mukono. Ya plastiki, vert. Ile kikombe haikurudi."

"Ju ya nini haukusema kwa bapolisi?"

Mimi aliweka kijiko chini.

"Baliniuliza kama nilimuona anatoka sept heures. Nikasema hapana. Ilikuwa kweli. Sikumuona anatoka sept heures. Sikumuona anatoka hata saa ingine."

Ngosa alimwuliza juu ya sementi. Ilimwagwa Alhamisi ile, siku mbili baadaye, na Mimi alishangaa, kwa sababu choo kile kilikuwa wazi miaka minne na hakuna aliyekijali.

Saa tatu asubuhi hakimu wa zamu alitia saini kibali. Saa nne alifika mwenyewe. Saa tano kasoro dakika chache watu wawili wenye nyundo kubwa walivunja sakafu. Émile alikuwa amekaa juu ya bidoni yake, na alipoulizwa kama ana la kusema kabla hawajafika chini, alisema mzee aliteleza. Mafuta yalimwagika, akateleza, akagonga kichwa. Aliulizwa kwa nini basi hakuita mtu. Alifunga vifungo vya koti lake.

Mzee Alimasi alikuwa kule chini, chini ya changarawe, amelala ubavu. Kipimo cha shaba kilikuwa karibu naye, kitambaa cheupe bado kimefungwa kwenye mkono wa kipimo. Kikombe cha kijani kilikuwa kimepasuka. Ngosa aliteremka mwenyewe kuchukua daftari mfukoni, kwa glavu, na kulifungua kando ya shimo. Penseli haikuwa imefutika.

*Saa nne na dakika arobaini. Jua. Yanatiririka.*
*Bidoni ya kwanza: litri 17.*
*Bidoni ya pili: litri 17 na nusu.*
*Bidoni ya tatu:*

Hakimu alisoma juu ya bega lake. Ngosa alimwonyesha saa iliyoandikwa, kisha nakala ya daftari la komini, saini ya kuingia saa mbili na dakika thelathini na tano na muhuri wa kutoka saa sita. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akasema kijana aachiliwe.

Moussa alitoka saa nane. Alirudishiwa kamba za viatu ndani ya bahasha. Hakuzifunga, alizishika mkononi njia yote mpaka nyumbani, ambako wanawake walikuwa wamekwisha kuondoa meza sebuleni na kutandika mikeka. Ramla alimpisha akae. Alimwuliza Ngosa jambo moja tu, kama baba yake alikuwa amefunikwa. Ngosa alisema amefunikwa, kwa shuka safi, yeye mwenyewe aliona.

Daktari wa serikali aliutoa mwili Jumamosi asubuhi. Alimasi alisaliwa baada ya adhuhuri. Msikiti haukutosha, wengine walisimama barabarani, na kati ya waliokuja makaburini walikuwamo wanawake wengi wa soko wasio Waislamu, waliosimama mbali kidogo na vitenge vyao vichwani.

Émile yuko gerezani akingoja kesi. Kipimo cha shaba kiko kwenye kabati la karani wa mahakama, na karatasi iliyofungwa kwa uzi, kielelezo namba tatu, na hakitatoka mpaka hukumu. Katika soko la Ruashi, ambako hakuna tena wa kukagua vikombe, litri ya mawese sasa inapimwa kwa chupa ya bia, ambayo haifiki litri.